Mgagani ni gugu au ni mboga?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Binti yangu yuko darasa la sita hapa Mwanza. Kwenye zoezi la kutunga sentensi aliandika, "Mgagani ni gugu linaloliwa." Mwalimu wake alikata neno "gugu" kwa wino mwekundu, juu yake akaandika "mboga", na pembeni akaongeza, "Gugu haliliwi." Mtoto karudi analia. Mimi nimekulia Misungwi, tulikuwa tunauchuma mgagani kwenye shamba la pamba na tulikuwa tunaupalilia vilevile. Nani yuko sahihi? Halafu jirani yangu husema "mgagani imechacha", mimi nasema "umechacha". Tumebishana mpaka tukacheka. (Mama wa binti, Buhongwa)

JIBU: Marahaba, mama. Binti apewe alama yake. Sentensi aliyoandika haina kosa la sarufi wala la maana, na masahihisho ndiyo yaliyoiharibu. Hebu isome baada ya wino mwekundu kupita: "Mgagani ni mboga linaloliwa." Mboga haichukui "li-". Ingebidi iwe "mboga inayoliwa", na ukishaiandika hivyo unajiuliza, kwani kuna mboga isiyoliwa? Sentensi ya mtoto ilikuwa na habari ndani yake. Hii ya pili haina.

Kauli ya kwamba gugu haliliwi inatokana na kudhani gugu ni aina ya mmea. Sivyo. Mpe mtaalamu wa mimea kila kinachoota kati ya Magu na Sengerema, umwambie atenge magugu upande mmoja. Atakuuliza kwanza shamba ni la nani na limepandwa nini. Gugu ni mmea uliojiotea mahali ambapo mwenye shamba hakuutaka, basi. Punje za mahindi zilizodondoka msimu uliopita zikiota katikati ya karanga, kwa msimu huo ni magugu, na hakuna anayesema mahindi hayaliwi.

Ushahidi mzuri zaidi uko kwenye vitenzi, na umeuleta wewe mwenyewe. Magugu hupaliliwa au hung'olewa. Mboga huchumwa, kisha huchambuliwa. Umeandika kwamba mlikuwa mnauchuma mgagani na mnaupalilia, na hukuona haja ya kunieleza inawezekanaje, kwa sababu kila aliyeshika jembe anajua. Mama anatangulia kwenye tuta, anavunja machipukizi laini kwa kucha ya dole gumba na kuyatia kwenye kanga. Nyuma yake linakuja jembe na kung'oa yaliyobaki. Ni mmea uleule, asubuhi ileile. Kilichotangulia jembe ni mboga na kilichokutwa na jembe ni gugu.

Nahisi mwalimu amevutwa na jinsi neno hili linavyosikika huko kwenu. Kwa mtu aliyekaa karibu na mwalo, ukisema "gugu" kinachomjia ni magugu maji, yale yaliyoingia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na katika miaka ya 1990 yakaziba mialo, yakanasa nyavu na kuzuia mitumbwi kutoka. Mmea ule asili yake ni bonde la Amazon, na ziwani hakuna aliyewahi kuusemea neno zuri. Kwa hiyo neno limebeba chuki ambayo si yake. Ukiambatanisha na "maji" linakuwa jina la mmea mmoja mahususi. Likisimama peke yake linabaki neno la jumla, halisemi kama kitu kina sumu, kina miiba, au kinapikwa na karanga. "Kwekwe" nalo ni hivyohivyo, isipokuwa ngeli yake ni I-ZI: kwekwe hizi zimezidi.

"Mboga" nalo si neno la elimu ya mimea, na hapo mwalimu ameteleza mara ya pili. Muulize mtu wa Kirumba leo mboga ni nini. Atakwambia sato, au dagaa, au maharage, na siku akiwa na hela atakwambia nyama. Kwa Mtanzania mboga ni chochote kinachosindikiza ugali, ndiyo maana tunalazimika kuongeza "za majani" tukitaka majani peke yake. Wenzetu wa Kenya wakisema mboga mara nyingi wanamaanisha majani, kwa hiyo sukuma wiki ni mboga na samaki ni kitoweo. Kwa vyovyote, neno linaeleza kitu kikiwa kwenye sahani. Gugu ni cheo cha mmea shambani, mboga ni cheo chake mezani, na hakuna sheria inayozuia mmea mmoja kushika vyeo viwili. Hata hivyo, mgagani haupotezi ummea wake katika safari hiyo. Ukitaka neno litakalokuwa sahihi kuanzia mbegu hadi chunguni, andika "mmea".

Na mmea wenyewe unastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu unaonyesha kwa nini wakulima waliuita gugu bila kuuonea. Ni mmea wa msimu mmoja. Huota mvua zinapoanza, na hupenda hasa udongo wenye samadi, kwa hiyo utaukuta umejaa palipokuwa na zizi la ng'ombe. Shina ni la kijani au lina wekundu wa zambarau, na limefunikwa na vinyweleo vyenye utomvu. Ukichambua rundo kubwa vidole vinanata, na harufu inabaki hata baada ya kunawa. Jani moja limegawanyika katika vijani, kwa kawaida vitano, mara nyingine vitatu au saba, vinavyotoka pamoja kwenye ncha ya kikonyo kimoja. Asiyeujua anaweza kudhani ameona bangi. Ua ni jeupe au lina uwaridi kidogo, lina petali nne, na stameni zake sita hazianzii chini kwenye kitako cha ua kama tulivyozoea kuchora darasani, bali zinachomoza katikati ya kijiti kirefu ambacho juu yake kimebeba ovari. Ni kwa sababu ya muungano huo wa sehemu za kike na za kiume kwamba Carl Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, mwaka 1753, aliuita Cleome gynandra, akiunganisha maneno ya Kigiriki ya mwanamke na mwanamume. Baadaye ukaitwa Gynandropsis pentaphylla, yaani wa majani matano, na siku hizi jina linalotumika zaidi ni Gynandropsis gynandra. Wataalamu wamebadili jina mara kadhaa. Wauza mboga wa Mabatini hawajabadili hata mara moja.

Ua likipita linaacha ganda refu, jembamba, lenye mbegu nyingi ndogo nyeusi zenye mikwaruzo. Ganda likikauka linapasuka na kuzimwaga chini, na msimu unaofuata hakuna aliyepanda ila shamba limejaa. Tena mgagani hufanya usanisinuru kwa njia iitwayo C4, njia ileile inayotumiwa na mahindi, mtama na miwa, ambayo hufaa sana kwenye joto na jua kali. Kitu kinachojiotea bila kuombwa, kikapenda mbolea uliyoiweka wewe, na kikakimbizana na mahindi yako kwa njia ya mahindi yenyewe, mkulima angekiitaje?

Upande wa chungu nao una mambo yake. Sehemu ya uchungu wa mgagani inatokana na kemikali za ukoo uleule ulioko kwenye kabichi na haradali, mimea ambayo ni jamaa zake wa mbali. Ndiyo sababu wengi huuchemsha na kumwaga maji ya kwanza, kisha wakauunga kwa karanga au maziwa. (Maji hayo huondoka na vitamini C pia, lakini usimwambie hivyo mtu aliyekwisha kuuonja chukuchuku.) Unabaki na madini ya chuma na kalsiamu, na rangi ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Watu wa ng'ombe watapenda kujua kwamba watafiti nchini Kenya wameichunguza harufu ya mmea huu na kuona inafukuza kupe. Anayeulima bustanini hukata maua mapema, maana ukishaanza kuchanua majani yanapungua na kukomaa.

Sasa la jirani. "Mgagani umechacha" ndiyo sahihi. Neno liko kwenye ngeli ya U-I pamoja na mchicha na mlenda: mgagani huu umeota, mgagani wa jana, mgagani mchungu. Ukizungumzia miche mingi mmojammoja, utasema migagani hii imeota, lakini ikishaingia chunguni haihesabiki tena, kwa hiyo hakuna anayekula migagani. Jirani hajaitoa hewani hiyo "imechacha" yake, na ningependa umtetee kidogo. Akilini mwake kuna neno "mboga" ambalo hakulitamka. Mboga imechacha, mboga imeungua, mboga haitoshi: tumezoea kuyasema hayo kila siku jikoni, na upatanisho wa neno lililofichika unaufuata mgagani. Ndivyo ilivyo pia sokoni, mtu anapoagiza "mgagani ya mia tano". Kwenye mazungumzo sina ugomvi naye. Kwenye daftari la mtihani ningekata.

Kuna jingine linalokosewa zaidi ya hilo, nalo ni kivumishi. Watu husema "mgagani chungu", kama vile wanavyosema "dawa chungu". Kwenye dawa ni sawa kwa sababu ya ngeli yake, lakini kwa mgagani lazima "m" ionekane: mgagani mchungu. Hapo jihadhari na mchunga, mboga nyingine ya kujiotea yenye uchungu wake, ambayo jina lake liko herufi moja tu kutoka kwenye kivumishi hicho. Isitoshe, usukumani mchunga ni mtu pia. Upatanisho ndio utakaokuokoa: mchunga umenyauka ni mboga, mchunga amenyauka ni habari ya kusikitisha.

Hukuuliza kuhusu "pori" na "mwitu", ila wengine huniuliza, na hapa panafaa. Tunasema nguruwe mwitu na mchicha pori bila kuweka "wa" katikati, na mgagani pori unaweza kusemwa vivyo hivyo. Tatizo langu ni kwamba mgagani mwingi tunaoula haujatoka pori lolote. Umetoka shambani, nyuma ya nyumba, kando ya zizi. Siku hizi upo na wa kupandwa kwa mbegu, ambao kwa mwenye bustani si gugu hata kidogo, ukimpalilia atakufukuza. Kutofautisha huo na ule mwingine, lugha ina neno zuri ambalo naona halitumiki vya kutosha maandishini: mgagani wa kujiotea. Linasema kilichotokea bila kuingiza pori wala lawama.

Majina mengine utakayokutana nayo ni mwangani na mkabilishamsi, hili la pili likiwa na maana ya kuukabili jua, na linaendana na tabia ya majani yake kugeukia mwanga. Ukienda Rorya kwa Wajaluo ni dek, na ukivuka hadi Kisii ni chinsaga. Mwanza kaa na mgagani. Ila ujue kwamba "-ni" ya mwisho si ile ya mahali kama ya shambani na sokoni, ni sehemu ya jina, kwa hiyo usiseme "mgagani pamejaa wadudu" hata kama wadudu wamejaa kweli. Sema kwenye mgagani.

Jambo la mwisho kuhusu sentensi ya binti. Kuna watakaomwambia kwamba "linaloliwa" linaonyesha tendo la sasa hivi, kwa sababu ya "-na-", na kwamba kwa jambo la kawaida angeandika "gugu liliwalo". Umbo hilo la pili lipo, ni fupi na zuri, na wanaosoma mashairi hulipenda. Lakini "-na-" katika Kiswahili cha leo inabeba mazoea pia, kama tunavyosema "ng'ombe anayekamuliwa" hata usiku akiwa amelala. Kwa darasa la sita, "linaloliwa" linatosha kabisa.