Paka katolewa kizazi, sasa yuko sebuleni: majibu ya maswali yenu

Simu yangu imejaa picha za matumbo ya paka yaliyonyolewa. Wengi mnauliza yaleyale, kwa hiyo nimechagua machache nijibu kwa pamoja.

Shikamoo daktari. Paka wangu amerudi kutoka kliniki jioni hii. Macho yamekodoka, hayafumbi, na akitembea anapepesuka kama mlevi. Amezidishiwa dawa? (Tanga)

Marahaba. Mara nyingi hiyo ni hali ya kawaida. Kliniki zetu nyingi hutumia sindano ya ketamini, na ketamini humlaza paka macho wazi. Ndiyo maana daktari humpaka mafuta ya macho, yasikauke. Ukiona uteute kwenye kope ni mafuta hayo. Kupepesuka kutaisha usiku huu au kesho asubuhi.

Kwa sasa mweke sakafuni, si kitandani wala kwenye kochi, ndani ya boksi pana lenye kanga kuukuu. Punguza taa. Paka wengine wa nyumbani wakae mbali, maana harufu ya kliniki huwafanya wamgeuke mwenzao. Dawa ya usingizi hushusha joto la mwili, kwa hiyo zima feni hata kama nyinyi mnatoka jasho. Masikio yakiwa baridi, jaza chupa maji ya uvuguvugu, izungushie taulo, iweke pembeni yake pawe na nafasi ya kusogea akiona joto limezidi. Maji ya kunywa mpe akishaweza kuinua kichwa mwenyewe, chakula kijiko kimoja baadaye. Akitapika mara moja usishtuke.

Kesho asubuhi akiwa bado hawezi kusimama, piga simu. Fizi zikiwa nyeupe ni habari nyingine: huenda anavuja damu ndani. Mrudishe usiku huohuo.

Analia usiku. Mama mkwe anasema nimpe robo ya Panadol, mbona watoto tunawapa? (Kigamboni)

Usimpe. Si robo, si nusu ya robo, si ile ya maji ya watoto wachanga. Ini la binadamu lina kimeng'enya cha kuifunga paracetamol ili itoke kwenye mkojo. Paka anacho kidogo mno, hivyo dawa hugeuka sumu inayoharibu damu isiweze kubeba oksijeni. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua paka mzima. Fizi hugeuka kahawia au buluu, uso na nyayo huvimba, na kuhema kunakuwa kwa tabu.

Kama tayari amepewa, msikae mkabishana nani alimpa. Mkimbizeni kliniki na pakiti ya dawa mkononi; dawa ya kupambana na sumu hiyo ipo, lakini inataka kuwahiwa. Diklofenaki na ibuprofeni nazo ziacheni kwenye kabati lenu. Mama mkwe hakukusudia baya, mwelezeni taratibu.

Kuhusu kilio chenyewe: usiku wa kwanza mara nyingi ni kuchanganyikiwa kwa dawa ya usingizi. Paka mwenye maumivu makali mara nyingi huwa kimya. Hujikunyata mgongo juu, kichwa chini, macho nusu, na hataki mkono wa mtu. Ukimwona hivyo, mwombe daktari aliyempasua dawa ya maumivu ya paka, ipimwe kwa uzito wake.

Kidonda nakisafisha kwa spiriti asubuhi na jioni, na shangazi kanipa manjano ya kupaka. Kuna kauvimbe chini ya mshono. (Mwanza)

Acha spiriti, acha manjano, acha majivu na asali. Acha pia ile dawa ya kuua vijidudu inayogeuka nyeupe ukiitia kwenye maji. Ile ina kemikali za jamii ya fenoli, ambazo ini la paka linashindwa kuzivunja, na chochote ukipakacho tumboni kwa paka kitaishia mdomoni. Spiriti nayo huunguza nyama changa inayojaribu kuziba kidonda. Wagonjwa wengi ninaorudishiwa wakiwa na mishono iliyoharibika, kilichowaharibia ni huduma ya ziada. Mshono mkavu hautaki chochote kutoka kwako zaidi ya kuutazama mara mbili kwa siku.

Utazame nini? Mstari mwembamba, kingo zake zimegusana, wekundu kidogo siku za mwanzo. Chini ya mshono huo wa ngozi kuna mshono mwingine wa misuli, na huo ndio unaobeba tumbo zima. Ngozi hujifunga upesi, mtu akadhani paka amepona, akamwachia apande kabati, kumbe misuli bado. Siku 10 hadi 14 asirukeruke, hata akionekana mzima.

Uvimbe mdogo mgumu kwenye mstari, usioongezeka, kwa kawaida ni mwili unapambana na nyuzi, utapungua wenyewe. Uvimbe laini unaokua unaweza kuwa maji yaliyojikusanya, au misuli imeachia na utumbo umekuja chini ya ngozi. Usiubonyeze ili kujua ni upi. Mpeleke. Vivyo hivyo ukiona usaha, harufu, kingo zilizoachana au damu isiyokoma: siku hiyohiyo, si Jumatatu.

Halafu kuna nzi, ambao vitabu vya nchi za baridi havisemi sana. Wakitaga kwenye kidonda chenye unyevu, funza wanaweza kuwamo ndani ya siku moja. Paka akae ndani, na kama madirisha hayana wavu, lifunike boksi kwa chandarua. Kuogesha, hapana.

Kola ya plastiki ya kumzuia asilambe mshono anaivua kila nikigeuka. Nimwache tu? (Nakuru)

Usimwache. Ulimi wa paka una vimiba vinavyoelekea nyuma. Usiku mmoja wa kulamba unatosha kufumua nyuzi. Kaza kola kiasi cha kupitisha vidole viwili, na ukingo wake upite pua. Akigoma kabisa, mshonee fulana: kata mkono wa sweta ya mtoto, toboa matundu manne ya miguu, mvishe kuanzia kichwani. Nyuma iishie kabla ya mkia, la sivyo italowa mkojo. Ikilowa, badilisha. Avae mpaka siku ya kutoa nyuzi.

Choo chake ni beseni la mchanga. Niendelee? (Morogoro)

Mchanga huganda kwenye mshono. Chanachana magazeti kwa sasa.

Siku ya pili hataki kula. (Bujumbura)

Akimaliza siku nzima bila kugusa chakula, mpigie daktari, hasa kama ni mnene. Paka mnene asiyekula siku kadhaa mafuta humjaa kwenye ini. Kabla ya hapo jaribu dagaa wa kuchemsha wakiwa vuguvugu, bila chumvi. Mchuzi wa nyumbani usimpe, kitunguu ni sumu kwake.

Salaam daktari. Paka wa mtaa wetu alishikwa, karudi ncha ya sikio imekatwa. Ni ukatili gani huu? (Lamu)

Hajaonewa. Hukatwa akiwa bado usingizini, ili atambulike kwa mbali kwamba ameshatolewa kizazi, asije akakamatwa na kupasuliwa mara ya pili bure. Paka wa mtaani kwa kawaida hushonwa nyuzi zinazoyeyuka. Nyinyi mlisheni palepale alipozoea, na akijinyoosha juani mtupie jicho tumboni.

Dume la jirani bado linalia dirishani kila usiku, na jike wangu ametolewa kizazi wiki iliyopita. (Kigoma)

Kama alikuwa kwenye joto alipopasuliwa, harufu hubaki siku kadhaa. Funga dirisha, akipandwa sasa ataumia. Lakini yeye mwenyewe akianza tena kulia na kugaragara baada ya wiki au miezi, huenda kipande cha ovari kilibaki. Mrudishe kwa aliyempasua.