Unga unaoshika maji shambani, naweza kutengeneza kwa muhogo?

SWALI: Habari mhariri, nasikia kuna unga wa wanga ukiuweka shambani unashika maji kiangazi. Naweza kutengeneza nyumbani kwa muhogo? – Msomaji, Dodoma

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Unga huo upo kweli, watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani kule Peoria, Illinois, waliutoa kwenye wanga wa mahindi miaka ya 1970, waliupika wakaupachika kemikali inaitwa akrilonitraili halafu wakauchemsha na kostiki soda, ndo ukawa na minyororo ya molekuli yenye chaji za umeme zinazosukumana, maji yanaingia katikati unavimba kama jeli bila kuyeyuka, unabeba hata mara mamia ya uzito wake. Wanga wa muhogo nao unafaa. Ila nyumbani nakusihi usijaribu kabisa! Akrilonitraili ni sumu, inashika moto haraka na inapenya hata kwenye ngozi, hiyo ni kazi ya maabara. Nunua uliotengenezwa tayari, uloweke, chovya mizizi ya miche kabla ya kupanda. Na angalia maji yako, yakiwa na chumvi unanyonya kidogo sana, wengi wanadhani wameuziwa feki kumbe shida ni kisima.