Re: Alovera zangu zinaoza Kakamega

Habari ndugu. Kama nimekuelewa, miche ulitoa Marigat, kule Baringo kwenye ukame, ikiwa poa kabisa, ukapanda kwako Kakamega, sasa inageuka manjano inalainika pale chini na mbolea umeweka mara mbili. Wacha hiyo mbolea kwanza. Ng'oa mmoja uangalie mizizi, ikiwa ya kahawia, inateleza na inanuka, hayo ni maji yamezidi. Ikiwa migumu bado basi shida iko kwingine na hiyo siwezi kukuambia nikiwa huku Nakuru bila kuona.

Alovera ni mmea wa ukame, vitundu vya majani hufungua usiku ndio jua lisiibie maji, akiba inakaa ndani ya jani, na mizizi iko juujuu inangoja kamvua kadogo ikanyonye haraka. Sasa Kakamega mvua inakaribia milimita 2,000 kwa mwaka, hiyo mizizi inapumua saa ngapi? Miti ya msitu hapo kwenu imezoea, mingi hata jani limechongoka ncha ndio maji yateremke haraka.

Mimi huku napanda juu ya tuta, udongo nusu changarawe nusu, penye jua la kutosha. Kata sehemu imeoza yote mpaka ufike penye afya, weka mche kivulini siku kadhaa kidonda kikauke, ndio urudishe. Na maji usiguse kabisa msimu wa mvua, hata kama mama watoto anakuona mvivu.