Seneta Byrd alibadilika kweli?

SWALI: Shikamoo mhariri, nasikia seneta Robert Byrd wa Marekani alikuwa Ku Klux Klan (lile kundi la wazungu wabaguzi wa watu weusi) alafu 2008 akamuunga mkono Obama, imekaaje hii?

JIBU: Marahaba. Ni kweli, Klan alijiunga miaka ya 1940, na 1964 akasimama Seneti akaongea zaidi ya masaa 14 kuizuia sheria ya haki za raia na kura akapiga ya hapana, hiyo inaniuma mpaka leo. Ila huyu mzee kakaa Seneti toka 1959 mpaka anafariki 2010, na humo katikati akakiri hadharani alikosea akaomba radhi tena na tena. 2002 akapinga vita vya Iraq, maseneta 23 tu ndo walikataa. Mi namuamini.