Anza pale uliposhtuka

Kwa miaka mingi niliwafundisha vijana wa kidato cha tano kuchambua hadithi kwa kuanza na tamathali za usemi. Daftari zilijaa: tashbihi mbili, takriri tatu, taswira kadhaa. Ukimwuliza mtu hadithi imemuuma wapi, kimya. Kosa lilikuwa langu.

Siku hizi naanza na "The Flowers", hadithi fupi ya mwandishi wa Marekani Alice Walker, ya mwaka 1973. Ni kurasa mbili hivi. Myop, binti wa miaka 10, anatoka kwenye kibanda cha wazazi wake, wakulima wa shamba lisilo lao, anakwenda kuchuma maua. Akiwa anarudi, kisigino chake kinazama kwenye fuvu la mtu. Anajinasua bila woga. Anamwangalia marehemu kwa udadisi: meno yaliyovunjika, nyuzi za ovaroli, vifungo vyake vilivyogeuka kijani. Kisha anachuma waridi pori, na kulizunguka shina lake anaona kitanzi kilichooza. Analaza maua yake chini. Sentensi ya mwisho inasema tu kwamba kiangazi kimekwisha.

Niliwaambia wanafunzi: wekeni kidole pale mliposhtuka. Wengi waliweka kwenye fuvu. Binti mmoja akaweka kwenye kitanzi. "Mwalimu, fuvu ni mtu kafa. Kamba ni mtu kauawa."

Hapo ndipo pa kuanzia, kisha rudi nyuma. Utaona asubuhi ile ya kurukaruka na wimbo ilivyowekwa makusudi, mwanga ukafifia kadiri mtoto alivyosogea mbali na nyumbani. Utaona jina Myop linavyokumbusha neno la kitabibu la kutoona mbali. Waridi limeota katikati ya kitanzi. Sijui ishara nyingine inayobeba uzuri na ukatili kwa nafasi ndogo namna hiyo. Na Walker, mzaliwa wa Georgia, jimbo la kusini mwa Marekani ambako watu weusi walinyongwa na magenge bila kesi, halitaji neno ubaguzi hata mara moja. Ukimya huo ni mbinu, uandike.

Dhamira nayo usiiandike kwa neno moja, "utoto" au "kifo". Andika sentensi nzima: Myop anakua siku anapotambua kwamba mtu aliuawa kwa makusudi karibu na kwao. Kisha kila mbinu uliyoitaja ionyeshe inavyoisaidia sentensi hiyo. Isiyosaidia, ifute.

Yule binti aliniuliza tena kama Myop alimwambia mama yake. Hadithi haisemi. Tulilijadili swali hilo hadi kipindi kikaisha.