Usimchezee mwenzako zamu yake

Mkuu, usithubutu. Umeandika kwamba Jumamosi unawakaribisha wakwe zako hapo Nzuguni mcheze kwa mara ya kwanza Pandemic, ule mchezo wa mezani ambao wachezaji hushirikiana kutafuta dawa za magonjwa manne yanayoenea duniani, ukauliza namna ya kuwa mchezaji mwenza mzuri, halafu ukapenyeza, kana kwamba ni jambo dogo, kwamba kwa kuwa wewe peke yako ndiye unayeujua mchezo, utamwelekeza kila mtu hatua kwa hatua ili msishindwe mapema. Nianze na hilo la kuelekeza, kwa sababu ndilo lililoivunja meza yangu.

Nami nilishauriwa hivyohivyo. Jamaa aliyeniuzia mchezo, ambaye alizungumza kwa uhakika wa mtu aliyeitokomeza ndui kwa mikono yake mwenyewe, aliniambia kwamba katika michezo ya kushirikiana lazima awepo nahodha mmoja na wengine wamfuate. Ni ushauri wa ovyo, na ubaya wake ni kwamba unasikika kama wa busara: ikiwa wote mko upande mmoja, mnashinda pamoja na kushindwa pamoja, ni nani atakayechukia kuongozwa na anayejua? Mpaka leo nikimwona huyo jamaa mjini navuka barabara, na nadhani yeye anadhani nina deni lake.

Sasa sikiliza kilichotokea. Tulikuwa wanne: mimi, mke wangu, shemeji yangu na jirani. Dawa tatu zilikwisha kupatikana, ukabaki ugonjwa mwekundu, ule wa Asia ya Mashariki. Kila mchezaji hupewa mhusika mwenye uwezo wake; mimi nilikuwa Mwanasayansi, ambaye anahitaji kadi nne za rangi moja badala ya tano ili kupata dawa. Nilikuwa nazo mbili, na kete yangu ilikuwa Hong Kong penye kituo cha utafiti. Shemeji alikuwa Mtafiti, ambaye anaweza kumpa mwenzake kadi ya mji wowote mradi tu wako mji mmoja, na kete yake ilikuwa Bangkok, hatua moja kutoka nilipo. Zamu yake ilipofika akaanza kusema, "Mimi hapa ninazo..." nami nikamkata kauli, kwa sababu Kinshasa na Khartoum zilikuwa na vipande vitatu vya ugonjwa kila moja na nilikuwa na hakika kwamba Afrika inalipuka. Nikaichukua kete yake kwa mkono wangu, nikamwambia atupe kadi ya Johannesburg aruke hadi huko, asogee Kinshasa na kuondoa vipande viwili. Matendo manne ya zamu yake yakaishia hapo. Akanijibu kwa upole, "Haya shemeji, wewe ndiye unayejua," akazilaza kadi zake kifudifudi mezani, akashika simu, na tangu hapo kila zamu yake ilipofika aliuliza swali moja tu: "Niende wapi?"

Rundo la kadi za kuchota likatuishia, na likiisha mmeshindwa. Tulipofunua kadi tulizoshika, shemeji alikuwa na Manila na Osaka, nyekundu zote mbili. Tendo moja la kusogea na mawili ya kunipa kadi, kisha zamu yangu tungemaliza. Kinshasa niliiokoa, nashukuru, ingawa hakuna aliyenipigia makofi. Nilikuwa nimejipa uwaziri wa afya wa dunia nzima bila kuapishwa, na Ikulu ya Chamwino ipo hapo jirani, wangenihitaji wangeniita.

Kushindwa si hasara. Hasara ni kwamba Jumamosi iliyofuata shemeji alikuwa na mgeni, nyingine akawa na kichwa kinauma, jirani naye akapata safari za Kondoa zisizokwisha, na boksi langu likabaki kabatini likila vumbi la Dodoma.

Kilichoniudhi zaidi ni kugundua baadaye kwamba kitabu cha maelekezo cha toleo la 2013 kinasema wazi: ushauri ni huru, lakini mwenye zamu ndiye anayeamua. Kuna hata mhusika ambaye kazi yake ni kusogeza kete za wenzake, na yeye pia haruhusiwi kuigusa kete ya mtu asiporidhia; kupeana kadi nako kunataka ridhaa ya wote wawili. Kwenye bao watazamaji hupiga kelele mpaka wakakauka koo, lakini hakuna anayenyoosha mkono akachota kete za mchezaji. Sisi wajuaji tumezidi.

Kwa hiyo sheria yangu ni hii: katika zamu ya mwenzako husemi mpaka akuulize, na akikuuliza, kwanza muulize ameshika nini. Kufundisha kanuni ni jambo jingine. Eleza matendo manne, eleza kadi, eleza namna mlipuko unavyosambaa, kisha funga mdomo. Ukijua kwamba huwezi kuufunga, tafuta Hanabi ya Antoine Bauza, iliyotwaa tuzo ya Ujerumani ya mchezo wa mwaka 2013, ambayo unashika kadi zako zikiwatazama wenzako, wewe mwenyewe huzioni, na kila dokezo unalompa mtu linagharimu kijiwe kutoka akiba ya vijiwe vinane. Hapo mjuaji hana pa kutokea.

Jumamosi weka kadi nne za janga, zile zinazoongeza ugumu wa mchezo, si sita. Mama mkwe mpe Tabibu, anayefuta vipande vyote vya rangi moja mjini kwa tendo moja, kwa sababu hata mgeni huyaona manufaa yake papo hapo. Na zamu yake ikifika nyamaza, hata akiamua kumpeleka Santiago kwa kuwa tu amelipenda jina la mji.