Chai ya kupunguza mwili imenitoa kilo 4, mbona zimerudi?

SWALI: Assalamu alaykum daktari. Mimi ni mama wa watoto wanne, nipo Wete, nina miaka 38. Urefu wangu ni sentimita 158, uzito kilo 94. Kliniki wameniambia unene wangu ni maradhi. Wifi yangu akanipa chai ya kupunguza mwili. Wiki ya kwanza nikatoka kilo 4, mwezi haujesha zote zimerudi. Mume wangu anasema nakula kwa siri. Je, nizidishe chai?

JIBU: Waalaykumu salaam, dada yangu. Usizidishe. Hata hiyo iliyobaki itupe.

Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina kalori kama 7,700, na mtu wa umbo lako hutumia kalori 2,000 na ushei kwa siku. Hata ukikaa wiki nzima bila ya futari wala daku, mafuta hayatoki kilo 3, sembuse 4! Kilichokutoka ni maji na choo, nacho hurudi pale pale unapokula na kunywa. Kwa hiyo mumeo hana ushahidi wa kukusingizia.

Nyingi ya chai hizi dawa yake ni sanamaki, ile ile ambayo bibi zetu walimpa mtu aliyefunga choo, mara moja basi. Sanamaki hufanya kazi kwenye utumbo mkubwa. Chapati na wali wa nazi vimeshafyonzwa kwenye utumbo mdogo, vimo damuni. Unachoharisha ni maji na potasiamu, madini yanayoongoza mapigo ya moyo. Anayekuahidi kwamba utayaona mafuta yako chooni ni muongo: mafuta yakiungua mwilini, sehemu kubwa hutoka kwa pumzi.

Tabu halisi iko kwingine. Mafuta hutoa homoni iitwayo leptini, iliyogunduliwa mwaka 1994, inayouarifu ubongo akiba imebaki kiasi gani. Mtu akipungua kweli kweli, leptini hushuka, ubongo unadhani kuna njaa, basi hamu ya kula inapanda na mwili unabana matumizi. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linauhesabu unene huu kuwa maradhi sugu. Ukaidi wa mtu haumo. Mumeo msomee sehemu hii, taratibu.

Kwa upande wako: uzito wa kilo ukigawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe (1.58 mara 1.58) unapata 37.7, na unene wa maradhi huanzia 30. Nenda hospitali upimwe presha na sukari, na utaje kila dawa unayotumia, khasa kama unachoma sindano ya uzazi ya miezi mitatu, maana baadhi ya wanawake huwanenepesha. Anza na lengo la kilo 5 kwa miezi kadhaa. Ni chache, lakini presha na sukari huzisikia.

Sasa nawaambia wauzaji na wanunuzi wote. Katika nchi mbalimbali, bidhaa za kupunguza mwili zinazoitwa za mitishamba zimekutwa na sibutramini, dawa ya kukata hamu ya kula iliyoondolewa sokoni Marekani na Ulaya mwaka 2010 kwa sababu ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Kwenye pakti haiandikwi. Na mgonjwa wa presha anayemeza vidonge vya kukojosha, kisha akaongeza chai ya kuharisha, anaupoteza potasiamu kwa milango miwili.

La ajabu, duka linalouza chai ya kukonda mara nyingi linauza na vidonge vya kunenepesha mashavu na makalio. Mabinti wanavimeza kabla ya harusi. Vingine ni deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi, inayopandisha sukari na presha na kuzilaza tezi zilizo juu ya figo. Aliyekwisha kuvitumia kwa wiki kadhaa asiviache ghafla: tezi hizo zikiwa bado zimelala, anaweza kuanguka. Aje hospitali navyo mkononi, daktari amshushie dozi kidogo kidogo.